Kodi ya Halmashauri Nchini Uingereza: Mwongozo kwa Wanafunzi na Wapangaji wa Muda Mfupi

Mwanafunzi anayefika Uingereza kwa masomo huambiwa mapema na wenzake kwamba wanafunzi hawalipi kodi ya halmashauri, naye mpangaji wa miezi michache huambiwa kwamba kodi hiyo ni shauri la mwenye nyumba. Kauli zote mbili zina ukweli fulani ndani yake, lakini anayezitegemea bila kuuliza zaidi anaweza kujikuta na deni ambalo hakulitarajia. Halmashauri haifuati kauli za watu, wala haifungwi na makubaliano kati ya mpangaji na mwenye nyumba. Inachotazama ni nani anaishi katika nyumba husika siku baada ya siku, na ni karatasi gani inayothibitisha hadhi ya kila mtu mzima aliyemo.

Kodi hii, ambayo kwenye bili huandikwa Council Tax, ilianza tarehe 1 Aprili 1993 ikichukua nafasi ya kodi ya kichwa iliyokuwa imezua ghasia mitaani. Hutozwa England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake tofauti, ambao haumo katika mwongozo huu. Kila nyumba hupangiwa daraja kwa herufi, kuanzia A hadi H kwa England na Scotland, na A hadi I kwa Wales. Jambo linaloshangaza wageni wengi ni kwamba daraja hilo hutokana na thamani ambayo nyumba ingekuwa nayo tarehe 1 Aprili 1991, au 1 Aprili 2003 kwa Wales, hata kama jengo lenyewe limekamilika mwaka jana. Daraja la nyumba yoyote linaweza kutazamwa bure katika tovuti ya serikali kwa kutumia msimbo wa posta, na ni busara kulitazama kabla ya kusaini mkataba, kwa kuwa katika nyumba za England za daraja la H bili ni mara tatu ya ile ya daraja la A katika halmashauri hiyo hiyo.

Kuna jambo moja la msingi ambalo likieleweka, kanuni nyingine karibu zote hufuata. Bili kamili imekadiriwa kwa nyumba yenye watu wazima wawili. Akiwemo mtu mzima mmoja tu anayehesabiwa, bili hupunguzwa kwa asilimia 25. Walio chini ya umri wa miaka 18 hawahesabiwi, na mwanafunzi wa masomo ya muda wote naye hahesabiwi. Mwanafunzi, kwa hiyo, hana msamaha wake binafsi anaotembea nao mfukoni. Msamaha kamili ni wa nyumba, nao hupatikana pale ambapo wote wanaoishi humo wana sifa zinazotakiwa.

Nani ni mwanafunzi machoni pa sheria

Kadi ya chuo peke yake haitoshi. Kozi inapaswa kuwa ya angalau mwaka mmoja wa masomo, imtake mwanafunzi ahudhurie au ashughulikie masomo kwa angalau wiki 24 katika kila mwaka, na katika kipindi cha muhula imtake asome kwa wastani wa angalau saa 21 kwa wiki, zikihesabiwa pamoja saa za mihadhara, za kujisomea na za mafunzo ya vitendo. Kwa kijana aliye chini ya miaka 20 anayesoma ngazi isiyozidi ile ya kidato cha sita, masharti ni mepesi zaidi: kozi iwe ya zaidi ya miezi mitatu na ya angalau saa 12 kwa wiki. Anayesoma kwa muda nusu huhesabiwa kama mtu mzima mwingine yeyote, hata kama chuo chake ni mashuhuri na ada aliyolipa ni kubwa.

Likizo zilizo katikati ya kozi hazivunji hadhi hiyo. Mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu ni mwanafunzi pia mwezi wa Agosti baina ya mwaka wa kwanza na wa pili, iwe amebaki katika nyumba yake ya kupanga au amekwenda kwao. Kinachoikomesha hadhi ni tarehe ya mwisho wa kozi kama chuo kilivyoiandika, au siku mwanafunzi alipoacha masomo kabla ya wakati. Mahafali, ambayo huweza kufanyika miezi kadhaa baadaye, hayana uzito wowote katika hesabu hii.

Nyumba ya wanafunzi watupu na nyumba ya mchanganyiko

Anayeishi katika bweni la chuo kwa kawaida hatakutana na bili kabisa, kwa sababu mabweni yana msamaha wake, unaojulikana kama kundi M. Majengo ya kampuni binafsi yaliyojengwa kwa ajili ya wanafunzi hayafanani: baadhi huandikishwa kama mabweni, na mengine kila fleti huhesabiwa kama nyumba inayojitegemea na hutumiwa barua yake. Mwanafunzi aulize ofisi ya jengo mapema, na barua iliyoandikwa kwa jina la mkaazi asiitupe kwa kudhani kwamba haimhusu.

Nyumba ya kawaida iliyopangwa na wanafunzi peke yao huingia katika kundi N, na bili yake huwa sifuri, lakini ni baada tu ya halmashauri kupokea uthibitisho wa kila mmoja wao. Mwenzao mmoja akichelewesha hati yake, bili hutolewa kana kwamba nyumba ina mtu mzima mmoja anayehesabiwa, na barua za kudai zinaendelea kuja mpaka hati hiyo iwasilishwe.

Ugumu huanza pale mtu asiye mwanafunzi anapoingia. Tuseme wanafunzi watatu wamepanga nyumba pamoja na rafiki yao mfanyakazi, na wote wanne wamesaini mkataba mmoja. Nyumba imepoteza msamaha, lakini kwa kuwa humo kuna mtu mzima mmoja tu anayehesabiwa, bili inapungua kwa asilimia 25. Kama bili kamili ni pauni 1,800 kwa mwaka, itakayodaiwa ni pauni 1,350. Nani anadaiwa? Katika hali ya kawaida wanaoshika mkataba wa pamoja huwajibika wote kwa deni lote, kila mmoja kwa ukamilifu wake, lakini sheria imewatoa wanafunzi katika uwajibikaji huo ikiwa kuna mshirika wa hadhi sawa katika mkataba ambaye si mwanafunzi. Mfanyakazi yule ndiye peke yake anayeandikwa kwenye bili, na ndiye peke yake anayeweza kupelekwa mahakamani.

Wako wanaoona kwamba huo ni uonevu kwa mfanyakazi, na wako wanaosema kwamba ni yeye aliyeleta bili nyumbani. Sheria haiingilii mjadala huo. Wanafunzi wakitaka kumchangia, hayo ni makubaliano yao ya ndani, na ningeshauri yaandikwe kabla ya mkataba wa nyumba kusainiwa, kwa sababu kuzungumza juu ya pauni 1,350 ni rahisi zaidi kabla hazijadaiwa kuliko baada ya onyo la pili.

Kanuni hiyo inageuka pale mwanafunzi mwenyewe anaposhika mkataba na kumpa chumba mtu asiye mwanafunzi bila kumwingiza kwenye mkataba. Hapo mwanafunzi ndiye mwenye haki kubwa zaidi juu ya nyumba, na bili huja kwa jina lake, ikiwa na punguzo la robo. Wengi hawaitarajii hali hii, kwa sababu wamezoea kusikia kwamba mwanafunzi hawezi kudaiwa kabisa. Anaweza, na anayetaka kumkaribisha ndugu au rafiki aliyepata kazi mjini kwa miezi kadhaa anapaswa kulijua hili kabla ya kumkabidhi ufunguo.

Nyumba ambazo vyumba hupangishwa kimoja kimoja, kila mpangaji na mkataba wake, huku jiko na bafu vikitumiwa kwa pamoja, zina kanuni nyingine: mwenye nyumba ndiye anayewajibika kwa halmashauri, na gharama hiyo mara nyingi imekwisha kuingizwa ndani ya pango. Hata hivyo, kama wakazi wote ni wanafunzi, nyumba bado inastahili msamaha, na wanafunzi wana haki ya kuuliza pango lao lina nini ndani yake.

Mwenzi, watoto na suala la fedha za umma

Sehemu hii inawahusu hasa wanafunzi wanaotoka nje ya Uingereza. Mume, mke, mwenzi wa ndoa ya kiraia au mtegemezi wa mwanafunzi huhesabiwa sawa na mwanafunzi kwa ajili ya kundi N, ikiwa yeye si raia wa Uingereza na masharti ya kibali chake cha kuingia au kukaa nchini yanamzuia kufanya kazi ya kulipwa au kudai mafao ya serikali. Neno “au” katika sharti hilo lina thamani kubwa. Wenzi wengi wa wanafunzi wameruhusiwa kufanya kazi, lakini hawaruhusiwi kupata fedha za umma, na kizuizi hicho cha pili kinatosha. Maofisa wa halmashauri wanaposema kwamba mwenzi analeta bili kwa sababu tu ana kazi, mwanafunzi ajibu kwa maandishi, aambatishe uthibitisho wa kibali unaoonyesha kizuizi hicho, na aombe uamuzi huo utazamwe upya. Ikumbukwe tu kwamba tangu tarehe 1 Januari 2024 wengi wa wanaosoma shahada za uzamili za mihadhara hawaruhusiwi tena kuleta wategemezi, hivyo kanuni hii sasa inawafaa zaidi watafiti na wale waliokuja kabla ya badiliko hilo.

Wengine huogopa kuomba chochote kwa hofu kwamba viza yao itaharibika. Msamaha wa nyumba ya wanafunzi na punguzo la asilimia 25 si fedha za umma, na kuziomba hakuvunji masharti ya viza. Kilicho tofauti ni unafuu wa kodi unaotolewa kwa watu wenye kipato kidogo: huo umeorodheshwa miongoni mwa fedha za umma katika kanuni za uhamiaji, na mwenye kibali kinachomzuia asiuombe kabla ya kupata ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji. Fomu za halmashauri huziweka huduma hizi karibu karibu katika ukurasa mmoja, na mtu mwenye haraka anaweza kujaza isiyo yake.

Kupata hati na kuipeleka

Chuo kinawajibika kisheria kumpa mwanafunzi hati ya uthibitisho anapoiomba, na wajibu huo unaendelea hadi mwaka mmoja baada ya mwanafunzi kuacha au kumaliza kozi. Hati inapaswa kuonyesha jina kamili, anwani, jina la kozi pamoja na tarehe za kuanza na kumaliza. Vyuo vingi huitoa kupitia akaunti ya mwanafunzi mtandaoni, na baadhi yao huipelekea halmashauri orodha ya wanafunzi moja kwa moja. Orodha hiyo ina faida pale tu anwani iliyomo ni sahihi. Mwanafunzi aliyehama nyumba bila kukiarifu chuo ataonekana anaishi kule alikotoka.

Maombi hufanywa katika tovuti ya halmashauri ya eneo husika, na hapa inafaa kukumbuka kwamba London ina mitaa 32 pamoja na Jiji la London, kila mmoja ukiwa na halmashauri yake, hivyo kuvuka barabara kunaweza kumaanisha kuomba upya mahali pengine. Kisheria msamaha huhesabiwa tangu siku masharti yalipotimia, wala si tangu siku fomu ilipojazwa, na aliyelipa kwa kutojua anaweza kurudishiwa fedha zake. Wakati wa kusubiri jibu, mwombaji asidhani kwamba madai yamesimama yenyewe. Aiombe halmashauri kwa maandishi isimamishe hatua za ukusanyaji, na atunze nakala ya ujumbe huo.

Kipindi chenye hatari kubwa ni mwisho wa kozi. Mwanafunzi wa uzamili ambaye hati yake inaonyesha kwamba kozi imekwisha katikati ya Septemba, na ambaye anaendelea kuishi na wenzake walio bado masomoni, anaifanya nyumba ipoteze msamaha kuanzia siku inayofuata, na bili ya asilimia 75 inakuja kwa jina lake peke yake. Hali ni hiyo hiyo kwa anayesubiri kuanza shahada nyingine: miezi iliyo kati ya kozi mbili haina ulinzi, hata kama nafasi ya chuo imekwisha kuthibitishwa. Anayepoteza sifa anapaswa kuiarifu halmashauri ndani ya siku 21, na kwa England anayekaa kimya anaweza kutozwa faini ya pauni 70 juu ya kodi yenyewe.

Mpangaji wa muda mfupi

Hapa swali la kwanza halihusu urefu wa mkataba. Linahusu makazi makuu. Sheria haikulifafanua neno hilo, lakini mwaka 2004 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba makazi makuu ni mahali ambapo mtu mwenye busara, akiyajua mambo yote muhimu, angepaona kuwa ndiko nyumbani kwa mhusika. Huangaliwa familia iko wapi, mali nyingi ziko wapi, mtu amejiandikisha kwa daktari wapi, na kama ana nyumba nyingine anayoweza kuirudia wakati wowote.

Aliyekuja kikazi kwa wiki sita, mwenye nyumba na familia yake Nairobi au Dar es Salaam, hana makazi makuu katika fleti aliyopanga, na kodi ya fleti hiyo ni juu ya mmiliki. Lakini mtu aliyehamia Uingereza moja kwa moja na kupanga fleti kwa miezi minne huku akitafuta nyumba ya kudumu hana nyumbani kwingine. Huyo anawajibika kuanzia siku ya kwanza, na miezi minne haimpunguzii chochote isipokuwa idadi ya siku, kwa kuwa kodi huhesabiwa siku kwa siku.

Ikiwa tangazo la nyumba linasema kwamba bili zote zimo ndani ya pango, mpangaji asitosheke na maneno hayo. Halmashauri haifungwi na mkataba ambao yenyewe si mshirika wake, na ikiwa sheria inamtaja mkaazi, itamdai mkaazi, hata kama mwenye nyumba alipokea fedha za kodi kila mwezi bila kuziwasilisha. Mpangaji anaweza baadaye kumdai mwenye nyumba kwa kuvunja makubaliano, lakini hiyo ni kesi nyingine kati yao wawili. Njia ya kujilinda ni kumtaka mwenye nyumba aonyeshe namba ya akaunti ya kodi ya nyumba hiyo, au kuipigia simu halmashauri kuuliza bili ya anwani hiyo iko kwa jina la nani.

Anayepanga chumba ndani ya nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo hana wajibu kwa halmashauri. Mwenye nyumba aliyekuwa akiishi peke yake atapoteza punguzo lake la robo akimpokea mpangaji mfanyakazi, lakini hatalipoteza akimpokea mwanafunzi mwenye hati, jambo linaloweza kutajwa wakati wa kuelewana juu ya pango. Nyumba za wageni wa likizo, kwa upande wao, huweza kuhamishiwa kwenye kodi ya biashara. Kwa England sharti ni kwamba ziwe zinapatikana kwa kupangishwa kwa angalau siku 140 kwa mwaka na zipangishwe kweli kwa siku 70, na kwa Wales siku hizo ni 252 na 182. Mgeni wa nyumba kama hizo hahusiki na kodi yoyote kati ya hizo mbili.

Miezi sita inakuwa muhimu pale mpangaji anapoondoka mapema. Kwa utaratibu wa muda mrefu, aliyesaini mkataba wa muda maalumu wa miezi sita au zaidi huendelea kudaiwa kodi ya nyumba iliyo tupu mpaka muda wa mkataba uishe, hata kama amekwisha kuhamia kwingine, isipokuwa mwenye nyumba amekubali kuuvunja au ameingiza mpangaji mwingine. Kwa England mikataba ya muda maalumu katika nyumba nyingi za kupanga za watu binafsi imefutwa na sheria ya wapangaji ya mwaka 2025 kuanzia tarehe 1 Mei 2026, na mpangaji huondoka kwa kutoa notisi. Hesabu iliyo salama ni kwamba kodi inaendelea kuwa juu yake mpaka notisi iishe, na si mpaka siku alipofunga mizigo. Anapohama aiarifu halmashauri tarehe halisi, atume ushahidi wa kurudisha ufunguo, na aombe kurudishiwa ziada yoyote aliyolipa mbele.

Bili inapokuja na mtu haikubali

Bili ya mwaka hugawanywa kwa kawaida katika awamu kumi, na mlipaji ana haki ya kuomba ziwe kumi na mbili. Kwa England na Wales awamu ikipita bila malipo hutumwa ukumbusho wenye siku saba. Zikipita nazo, na siku saba nyingine baada yake, haki ya kulipa kwa awamu hupotea na salio lote la mwaka hudaiwa kwa mkupuo. Hatua inayofuata ni wito wa mahakama ya mahakimu, ambako gharama huongezwa, na baada ya amri ya mahakama deni laweza kukabidhiwa kwa madalali wa mahakama. Aliyekwisha kupata wito huku akiwa na hati yake ya mwanafunzi mkononi bado hajachelewa, lakini aitume hati hiyo siku hiyo hiyo kwa barua pepe ya idara ya kodi na kuomba wito uondolewe kabla ya tarehe ya kusikilizwa.

Ubishi kuhusu nani anawajibika, au kuhusu msamaha na punguzo, haupelekwi kwa hakimu. Mlalamikaji huiandikia kwanza halmashauri akieleza sababu zake na kuambatisha ushahidi, nayo ina miezi miwili ya kujibu. Jibu lisiporidhisha, ana miezi miwili tangu siku alipolipata kukata rufaa katika baraza la uthamini la England au la Wales. Na kama hakupata jibu lolote, rufaa lazima iwe imefika ndani ya miezi minne tangu barua yake ya kwanza. Huko Scotland rufaa huenda katika baraza la ngazi ya kwanza, kitengo cha kodi za mitaa. Hakuna ada ya kufungua shauri England, wala si lazima kuwa na wakili. Kinacholazimika ni kuendelea kulipa kiasi kilichoandikwa kwenye bili mpaka uamuzi utoke, kwa sababu rufaa haisimamishi ukusanyaji isipokuwa halmashauri yenyewe ikubali kusubiri.